Asilimia 12 imekwenda wapi? Hesabu ya anayenunua vipande kila mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua. Siku hizi magazeti yetu yanaandika sana kuhusu mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na ni jambo jema. Tatizo ni kwamba namba inayopewa kichwa cha habari ni moja tu: faida ya mwaka. Namba hiyo ni ya kweli kwa aliyeweka hela yake yote siku ya kwanza ya mwaka. Mama lishe wa Buguruni, dereva wa bodaboda wa Mbagala au karani wa Posta anayenunua vipande (sehemu ndogondogo za mfuko) kidogokidogo kila mwezi, inampoteza. Matokeo yake anauza mwaka wa kwanza akidhani kaibiwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua mtu anayeweka Sh50,000 kila mwisho wa mwezi kwenye mfuko aliousikia kuwa unatoa asilimia 12. Baada ya miezi 12 ameweka Sh600,000, na anategemea kukuta Sh72,000 juu yake. Anafungua simu, anakuta jumla ni Sh634,125, yaani faida ya Sh34,125. Hakuna aliyemla. Sh50,000 ya kwanza imefanya kazi miezi 11, ya pili miezi 10, na ya mwisho imeingia jana, haijafanya kazi hata siku moja. Kwa wastani hela yake imekaa miezi mitano na nusu tu, si 12, ndiyo maana kapata karibu nusu ya alichotarajia. (Nimetumia asilimia 1 kwa mwezi kwa kuwa ni rahisi kuifuata kwa kikokotoo cha simu. Si ahadi ya mfuko wowote, na chini nitaishusha.)

Mtu huyu akiuza mwezi huohuo kwa hasira, mambo yanazidi kuharibika. Iko mifuko inayokata ada ya kutoka. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayosimamia mifuko hii, kwa mfano, hukata asilimia 1. Kwenye Sh634,125 hiyo ni Sh6,341. Kama kila mwezi alilipa Sh1,000 ya kutuma, zimeondoka Sh12,000 nyingine. Anabaki na faida ya Sh15,784 kwa mwaka mzima wa kujinyima. Atasema bora angeweka kwenye kibubu, na kwa mwaka mmoja hayuko mbali na ukweli.

Asipouza? Mwisho wa mwaka wa tatu atakuwa ameweka Sh1,800,000 na kukuta Sh2,153,844. Mwaka wa tano ameweka Sh3,000,000, amekuta Sh4,083,483. Bado si jambo la kushangaza watu barazani. Mabadiliko yanaonekana mwaka wa saba: hapo ndipo kwa mara ya kwanza faida ya mwaka, Sh698,117, inaipita hela anayochangia mwenyewe kwa mwaka, Sh600,000. Mwaka wa kumi jumla inafika Sh11,501,934, na kati ya hizo Sh6,000,000 tu ndizo zilizotoka mfukoni kwake. Zaidi ya nusu ya faida yote imekuja katika miaka mitatu ya mwisho. Anayetoka mwaka wa nne au wa tano amefanya ile sehemu ngumu ya kupanda na kupalilia, akaondoka shambani kabla ya kuvuna.

Sasa tushushe, maana masoko hayamsikilizi mtu. Kwa asilimia 10 kwa mwaka, ikigawanywa kwa miezi 12, jumla ya mwaka wa kumi ni Sh10,242,249. Na bei za vitu nazo hazikai. Zikipanda kwa asilimia 3 kila mwaka, zile Sh11,501,934 zitanunua kitu ambacho leo unakinunua kwa takriban Sh8,560,000. Ni hela nzuri bado, lakini si milioni kumi na moja na nusu za leo. Wakala akikuonyesha ile namba kubwa peke yake, muulize hii ya pili.

Kuchelewa nako kuna bei yake. Anayesema ataanza mwakani na kuweka kiasi kilekile kwa miaka tisa, atakuta Sh9,644,629. Ameokoa michango ya Sh600,000, amepoteza Sh1,857,305. Kwa upande mwingine, anayeongeza mchango kwa asilimia 10 kila mwaka (Sh50,000 mwaka wa kwanza, Sh55,000 wa pili, Sh60,500 wa tatu, na kuendelea) kwa miaka kumi atakuwa ameweka kama Sh9,560,000, na kwa hesabu ileile atakuta takriban Sh16,700,000. Katika vitu vyote ambavyo mwekaji mdogo anaweza kuvifanya kwa mkono wake, hiki ndicho chenye nguvu kuliko vyote, na ndicho ambacho sijawahi kukiona kwenye bango lolote la barabarani. Kuhangaika kutafuta mfuko unaotoa asilimia nusu zaidi hakukaribii hapo.

Nije kwenye bei ya kipande, ambako kuna kosa linalorudiwa hata na watu waliosoma. Mtu anaona mfuko mmoja kipande chake ni Sh120 na mwingine ni Sh1,000, anasema wa kwanza ni nafuu, atapata vipande vingi. Ni kweli atapata vingi, ila havimsaidii chochote. Sh100,000 kwa Sh120 ni vipande 833.33, kwa Sh1,000 ni vipande 100. Mifuko yote miwili ikikua kwa asilimia 10, wa kwanza unafika Sh132, wa pili Sh1,100, na mwenye hela yake ana Sh110,000 kokote alikoweka. Kipande cha bei kubwa mara nyingi ni dalili ya umri tu. Mfuko wa Umoja ulianza mwaka 2005. Mfuko wa Faida wa Watumishi Housing ulianza kuuza vipande mwishoni mwa 2022 kwa Sh100. Kulinganisha bei zao ni sawa na kulinganisha urefu wa mtu mzima na wa mtoto wa darasa la kwanza halafu ukahukumu nani anakula vizuri. Kinacholinganishwa ni kiasi bei ilivyobadilika katika kipindi kilekile, baada ya gharama, pamoja na gawio (faida inayolipwa mkononi) kama mfuko unagawa.

Hilo la gawio nalo linatisha watu bure. Mfuko unaogawa, siku ya mgawo thamani ya kipande hushuka kwa kiasi kilichogawiwa, kwa sababu hela imetoka kwenye chungu na kuingia mikononi mwa wenye vipande. Anayetazama bei peke yake ataona hasara. Anayetaka kukuza akiba kwa miaka mingi hana sababu ya kupokea gawio. Achague mpango wa kukuza mtaji, kama mfuko unao, hela ibaki ndani iendelee kuzaa.

Mfuko upi, basi? Jibu linategemea hela hiyo unaitaka lini, na hapa Dar tunayo kalenda yetu. Wenye nyumba wengi wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Januari kuna ada, sare na michango ya shule. Anayepanga chumba na sebule kwa Sh150,000 anahitaji Sh900,000 kila nusu mwaka, na hela hiyo haipaswi kukaa pamoja na akiba ya miaka kumi hata siku moja. Ikikaa pamoja, kila Juni na Desemba ataenda kuuza vipande vya muda mrefu ili kumlipa mwenye nyumba, na ile hesabu ya mwaka wa saba haitamfikia milele. Hela ya kodi, ya ada na ya dharura ikae kwenye mfuko wa ukwasi. Mifuko ya aina hii huweka zaidi kwenye amana za benki na dhamana za serikali, bei yake haiyumbi sana, na hela hutoka ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hauna ada ya kuingia wala ya kutoka. Kianzio chake ni Sh100,000 na nyongeza Sh10,000. Ya miaka mitatu hadi mitano inaweza kwenda kwenye mfuko wa hati fungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), ambao kwa UTT AMIS unaanzia Sh50,000 na nyongeza Sh5,000. Ya miaka saba na kuendelea ndiyo inayostahimili mfuko mseto, wenye hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam pamoja na hati fungani, kwa sababu hisa zinapanda na kushuka na zinahitaji muda wa kurudi. Viwango vya kianzio na ada hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo usome waraka wa matoleo, yaani kitabu cha masharti ya mfuko wenyewe, kabla ya kulipa. Kipeperushi hakitoshi.

Kabla ya yote haya, lipa kwanza mkopo wa kausha damu. Anayedaiwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi halafu ananunua vipande vinavyokua kwa asilimia 1 kwa mwezi anachota maji kwa kijiko na kuyamwaga kwa ndoo. Kisha ajenge akiba ya dharura ya matumizi ya miezi mitatu kwenye ukwasi. Baada ya hapo ndipo Sh50,000 ya muda mrefu ianze. Ni taratibu, na inachosha, najua.

Kufungua akaunti si kazi siku hizi. Kwa kawaida unahitaji namba ya NIDA, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako na akaunti ya benki ya jina lako, na mengi yanamalizika kwenye simu. Matatizo hujitokeza baadaye, siku ya kutoa. Jina la NIDA linasema Juma Ally Said, la benki linasema Juma A. Saidi, malipo yanarudi. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la shemeji, ujumbe wa uthibitisho unaenda kwake. Akaunti ya benki iliyoandikwa kwenye fomu miaka sita iliyopita imelala kwa kutotumika. Sawazisha majina siku ya kwanza, na kila mwaka weka hata kiasi kidogo kwenye ile akaunti ya benki ili iwe hai.

Kosa lingine ni la namba ya malipo. Mtu mwenye mifuko miwili kwa meneja mmoja huwa na namba mbili tofauti, na wapo wanaolipa ya kodi kwenye hati fungani na ya miaka kumi kwenye ukwasi. Hifadhi namba kwenye simu kwa jina linaloeleweka, mathalani “Vipande Kodi” na “Vipande Uzee”. Ukilipa, subiri ujumbe wa mfuko unaotaja idadi ya vipande ulivyopata na kwa bei gani. Ujumbe wa benki au wa mtandao wa simu unathibitisha tu kwamba hela imetoka kwako. Ujumbe wa vipande usipofika ndani ya siku tatu au nne za kazi, piga simu ukiwa na namba ya muamala mkononi. Anayengoja miezi minane ndipo aulize atazungushwa, na sehemu ya kosa ni yake.

Thamani ya kipande hukokotolewa siku za kazi. Hela uliyotuma Ijumaa usiku au Jumamosi hupata bei ya siku ya kazi inayofuata. Kwa mwekaji wa miaka kumi hilo si kitu cha kumnyima usingizi, ila ajue asije akalalamika kwamba bei aliyoiona Jumamosi sio aliyouziwa.

Gharama ya kutuma ndiyo mchwa wa mwekaji mdogo. Ukituma Sh10,000 mara tano kwa mwezi na kila mara ukakatwa Sh500, umelipa Sh2,500 kwa Sh50,000: asilimia 5 imeondoka kabla kipande hakijanunuliwa. Hiyo ni faida ya takriban miezi mitano. Kusanya kwanza, tuma mara moja, na uulize njia ipi ni nafuu: kwa akaunti nyingi za benki, agizo la kudumu la kukata hela kila mwezi lina gharama ndogo kuliko kutuma kwa mkono, na faida yake kubwa ni kwamba halisahau wala haliahirishi. Liwekwe siku moja au mbili baada ya mshahara kuingia. Likiwekwa tarehe 28 wakati mshahara unaingia tarehe 30, litagonga akaunti tupu, na zipo benki zinazotoza kwa agizo lililoshindikana.

Asiye na mshahara asilazimishe tarehe. Mwenye kibanda Tandika au anayeuza samaki Feri ana wiki nzuri na wiki mbaya. Anaweza kutenga Sh2,000 kila siku ya biashara kwenye simu, kwa siku 25 ni Sh50,000, kisha anatuma yote siku moja. Mwezi wa mvua biashara ikilala, aweke Sh15,000, au asiweke. Mwezi mmoja wa kuruka unamgharimu kidogo sana. Kinachoua ni kuuza vipande mwezi huo. Watu wengi wakikosa mwezi mmoja hujiona wameshindwa, wanaacha kabisa.

Wanaouza mifuko hupenda kusema kwamba kununua kila mwezi kunakupa bei nzuri ya wastani. Hapa nataka tuwe wakweli. Kwa mfuko wenye hisa nyingi, ambao bei yake hushuka na kupanda, inaweza kuwa kweli. Ukiweka Sh50,000 wakati bei ni Sh500, kisha Sh480, kisha Sh450, kisha Sh490, utapata vipande 100, 104.17, 111.11 na 102.04, jumla 417.32. Umelipa Sh200,000, na kwa bei ya Sh490 una takriban Sh204,490. Bei iko chini ya ulipoanzia, wewe uko juu, kwa sababu Sh50,000 ilinunua vipande vingi zaidi bei ilipoanguka. Lakini kwa mfuko wa ukwasi au wa hati fungani ambao bei yake hupanda kidogokidogo karibu kila siku, faida hiyo ya wastani haipo. Aliyeweka yote mwanzoni kwa kawaida atakuwa mbele. Mwenye Sh3,000,000 mkononi leo hana haja ya kuigawa miezi 60 aingize kwenye hati fungani. Kuweka kila mwezi ni kwa sababu hela yenyewe inakuja kila mwezi. Basi.

Na faida haikai pale pale ulipoikuta. Mifuko yetu mingi imejaa hati fungani za serikali, kwa hiyo inategemea serikali inakopa kwa riba gani. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha kuponi (riba inayolipwa kwa mwaka) ya hati fungani mpya za miaka 25 kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Mfuko uliokuwa na hati za zamani uliendelea kula ile riba ya juu, na hati hizo zikawa za thamani zaidi sokoni, lakini kila hela mpya iliyoingia ilinunua zenye riba ndogo. Mchango wako wa mwaka huu unachanganyika na vitu vilivyonunuliwa miaka tofauti kwa riba tofauti. Ndiyo sababu kutangaza faida ya mwaka jana kana kwamba ni kiwango cha mwaka ujao ni kosa, hata kama namba yenyewe ilikuwa kweli. Riba ikipanda mambo hugeuka: hati za zamani hushuka thamani na bei ya kipande inaweza kusinzia kwa miezi kadhaa. Asiyejua hilo hukimbia wakati hela yake mpya ndiyo kwanza inanunua riba nzuri.

Kwa sababu hiyohiyo, mtu mwenye mifuko mitano asijidhanie ametawanya mayai kwenye vikapu vitano. Fungua taarifa za mifuko hiyo uangalie wapi hela imewekwa. Mara nyingi utakuta yote imenunua hati fungani zilezile za serikali na kuweka amana kwenye benki zilezile. Una namba tano za malipo za kukumbuka na mdaiwa mmoja. Kwa mwekaji wa Sh50,000, mfuko mmoja wa ukwasi na mmoja wa muda mrefu vinatosha kabisa.

Suala la usalama linaulizwa sana, na hapa yachanganywa mambo mawili. La kwanza ni wizi. Mfuko halali umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na mali zake hazikai kwa meneja anayeamua zinunuliwe nini. Zinatunzwa na benki mwangalizi. Meneja akifilisika, hati fungani na hisa za mfuko si mali yake za kugawiwa wanaomdai. La pili ni bei kushuka, na hapo hakuna mamlaka inayokukinga. Kununua kipande si kuweka amana benki, na bima ya amana haikihusu. Anayekuahidi kiwango maalumu kila mwezi bila kutetereka huyo hauzi vipande. Walioingia DECI, ule mchezo wa upatu, kupanda mbegu kabla haijasambaratika mwaka 2009 waliahidiwa hivyohivyo, na kila baada ya miaka michache linaibuka jipya lenye jina la kizungu na kundi la WhatsApp. Kabla hujalipa, hakiki jina la meneja na la mfuko kwenye orodha ya Mamlaka. Na usimpe wakala fedha taslimu, hata akiwa mtoto wa mjomba. Lipa kwenye namba ya malipo ya akaunti yako mwenyewe.

Jambo la mirathi halipendezi kuzungumzwa lakini lina hela ndani yake. Jina unaloandika kwenye fomu kama mrithi linasaidia familia ijue, ila likija suala la kulipwa, jiandaeni kwa utaratibu wa mirathi na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Familia isiyojua kwamba vipande vipo haitavidai kamwe, kwa kuwa havina hati ukutani wala geti. Chapisha taarifa ya akaunti mara moja kwa mwaka uiweke pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa vikoba, maana hela nyingi ya mjini iko huko: kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti kwa jina la kikundi, kikiwa na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua na majina ya watia saini. Hela inayokaa bure kati ya mzunguko mmoja wa mikopo na mwingine inafaa ukwasi. Isiwekwe mfuko wa hisa, kwa kuwa mwisho wa mwaka wanachama watataka kugawana siku moja, na siku hiyo bei inaweza kuwa chini. Watia saini wawe angalau watatu, na mmoja akihama mji abadilishwe mapema. Kikundi ambacho katibu wake yuko Mwanza na simu haipatikani hakitoi hata shilingi.

Najua wapo watakaosema heri kununua matofali na kiwanja Chanika. Siwapingi; ardhi imewatajirisha wengi. Lakini tofali si rahisi kuligeuza hela ndani ya siku chache mtoto akiugua, na kiwanja hakinunuliwi kwa Sh50,000. Vipande vinaweza kuwa ndiyo njia ya kufikia kiwanja hicho, mradi siku ya kukinunua ikikaribia, miezi 12 hivi kabla, hela ihamishwe kutoka mfuko wenye hisa kwenda ukwasi, ili bei isije ikaanguka wiki ambayo muuzaji anataka chake.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Gazeti linapochapisha jedwali la bei za vipande, weka bei ya kununua na ya kuuza kwa safu mbili zinazosomeka, si kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Karibu nayo weka bei ya siku kama ya leo mwaka mmoja, mitatu na mitano iliyopita, pamoja na ada ya kutoka. Na mwandishi akiandika kwamba mfuko umetoa asilimia 12, aongeze mstari mmoja unaosema aliyeweka Sh50,000 kila mwezi mwaka huo amepata shilingi ngapi. Mameneja wa mifuko wanazo bei za kila siku. Ukiwaomba namba hiyo hawatahitaji zaidi ya dakika kumi kuitoa.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam